Mzani Wangu na Taa za Nchi Nzima

Jumatatu, 15 Septemba

Siku mbaya. Mbaya kabisa. Nimefika kibarazani kwa Mama Ursula asubuhi, mzani wangu kwapani, kama ninavyofika kila siku tangu niache biashara ya sungura (tusiizungumzie), nikakuta mtu amekaa mahali pangu. Si karibu na mahali pangu. Mahali pangu penyewe! Pale kwenye nguzo, ambapo kila anayeshuka basi stendi lazima apite.

Mtu huyo anaitwa Muhsini. Myao wa Nakapanya, kule Tunduru. Mbele yake kasimamisha mzani mrefu kama mlango, wenye taa za kijani na kibao cha kukugusa utosi. Na unaongea! Ukipanda, sauti ya mwanamke inatangaza kilo zako na urefu wako, kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunzia mbali sana, na stendi nzima inasikia.

Nilidhani watu watakimbia. Nani anataka kilo zake zitangazwe kama basi la Mbinga? Nilikosea. Walipanga foleni. Wengine walipanda mara mbili ili wasikie tena. Kwangu alikuja mmoja tu, akauliza choo kiko wapi.

Mzani wangu hauongei. Una mshale. Mshale unakuambia ukweli wako wewe peke yako, kimyakimya, ukiwa umeinama. Hiyo ndiyo heshima. Nilimweleza Muhsini hivyo. Akanijibu kwamba sisi Wangoni zamani tulizoea kuteka mali za watu, kwa hiyo ajabu gani leo tukitekwa kibaraza. Ni mtani wangu, sina ruhusa ya kukasirika. Nimekasirika.

Nilikwenda kushtaki kwa Mama Ursula, mwenye duka la vitenge na mwenye kibaraza. Nilimpa shikamoo mbili ili mambo yaende. Akasema watu wawili wa mizani wanamzibia mlango, wateja hawavioni vitenge. Kibaraza kinatosha mzani mmoja. Jumamosi atapanda yeye mwenyewe mzani wa kila mmoja wetu, kisha ataamua nani abaki na nani aondoke. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwenyeji hapa miaka yote hii. Akasema ndiyo, na amechoka.

Bila kibaraza hiki sina pa kwenda. Sokoni wanapima mahindi. Hospitali wanapima bure. Mlangoni kwa kanisa, Padre alisema Mungu hatazami kilo. Itabaki kurudi Lusewa kulima kwa kaka yangu, ambaye kila akipokea simu yangu anaanza kwa kucheka. Hata kabla sijasema kitu!

Jumanne, 16 Septemba

Nimejaribu kuufanya mzani wangu uongee. Mpango ulikuwa mzuri. Nilijificha nyuma ya nguzo, mteja akapanda, nami nikatangaza kilo zake kwa sauti nyembamba ya kike. Mteja alizunguka nguzo akanikuta nimebana pua. Alikuwa katekista. Hatukusemezana.

Jioni nilikaa uani na mawazo yangu. Mwalimu Judica alikuwa anapika. Huyu ni mpangaji mwenzangu hapa Bombambili, mtu wa Kilimanjaro, anafundisha fizikia sekondari. Dada mpole, msomi, hana makuu. Ana ubaya mmoja tu: hawezi kusema jambo zuri bila kuongeza “lakini”.

Nilimwuliza kama mzani wa mshale unaweza kupima kitu kingine zaidi ya uzito. Alifikiri, akakoroga mboga, akasema kwamba kwa namna fulani mzani wowote unapima nguvu. Nikasogeza kigoda. Akaeleza kwamba uzito na nguvu ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili. Chai ya moto ina uzito zaidi ya chai hiyohiyo ikipoa. Simu iliyochajiwa ina uzito zaidi ya simu iliyoisha chaji. Kilo moja ya sukari, yote ikigeuzwa kuwa nguvu bila kubaki punje, ingewasha taa za nchi nzima kwa zaidi ya mwaka.

Nchi nzima! Kilo moja! Nikamwambia sukari ninayo ndani.

Akasema: lakini. Hapo sikusikiliza sana. Nilikuwa naangalia mkono wangu na kujiuliza una kilo ngapi.

Nakumbuka alisema unachukua uzito, unazidisha kwa kasi ya mwanga, halafu unazidisha tena kwa kasi ya mwanga. Nilimwuliza mwanga umeingiaje kwenye habari za uzito, maana mwanga haujawahi kupanda mzani wangu. Akajibu kitu kirefu. Akasema pia neno sahihi si nguvu, ni nishati. Nikamwambia wateja wangu hawana nishati, wana nguvu.

Nilitaka kujua nani aligundua. Akasema ni mzaliwa mmoja wa Ujerumani, alikuwa karani tu ofisini, mwaka uleule vita vya Maji Maji vilipoanza. Nilishtuka. Mwaka uleule! Babu zetu huku wanaambiwa maji yatageuza risasi, na kule Mjerumani anasema jiwe linaweza kugeuka moto. Nikamwambia Mwalimu kwamba mwaka ule kila mtu alikuwa anaahidi makubwa. Akatabasamu, akasema tofauti ni kwamba ahadi moja ilipimwa. Nikamjibu kwamba na babu zetu walipima. Kwa miili yao. Akapakua mboga, akanipa na mimi. Nilisikia huzuni kidogo pale, halafu nikakumbuka kibaraza.

Mzani wa Muhsini unasema kilo. Wangu utasema nguvu!

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya utafiti. Nimechanganyikiwa kuliko jana, lakini nadhani ndivyo wasomi wanavyoanza.

Utafiti wa kwanza: chai. Nimeweka chupa ya chai ya moto juu ya mzani. Mshale ukasogea kidogo. Nikasubiri ipoe ili mshale urudi. Kusubiri kulikuwa kurefu, nikanywa vikombe kadhaa. Nikapima tena. Imepungua! Chai ikipoa inapungua uzito. Mjerumani hakudanganya.

Utafiti wa pili: simu. Nimeipima bila chaji, mshale umekaa sifuri. Nimeipima na chaji, sifuri. Hapa Mjerumani kachemka. Au simu yangu haishiki chaji, na hilo nalijua.

Utafiti wa tatu: mkaa. Huu ndio umenivuruga. Nimepima mkaa wa jiko zima, nikauwasha, nikachemsha maharage, nikapima majivu. Majivu hayana uzito wa maana! Mkaa wote umekwenda wapi? Umegeuka moto! Nilifurahi nikampigia Mwalimu Judica kelele dirishani. Akatoka na kalamu nyekundu ya kusahihishia, akasema sivyo. Akasema karibu uzito wote wa mkaa umeruka hewani, umekuwa gesi, na kama ningeikusanya gesi yote na majivu yote nikapima, ningekuta karibu uzito uleule wa mkaa pamoja na hewa uliyoitumia kuungua. Kilichogeuka moto kweli ni kidogo mno, punje ya vumbi ni jabali mbele yake. Hakuna mzani wa stendi utakaokiona.

Nikamwuliza: kwa hiyo mkaa uko hewani? Akasema ndiyo. Nikatazama juu. Sikuona mkaa.

Nimeamua kutofuata habari za mkaa. Mteja wa stendi haji na mkaa, anakuja na mwili.

Jambo jingine. Alfajiri nilikutana na Mama Ursula barabara ya kwenda Matogoro, kavaa raba na kanga kiunoni, anatembea mbio, jasho linamtoka, anahema. Nikamwamkia. Hakusimama. Mchana Benigna, mama lishe wetu, kampelekea ugali na nyama kama kawaida, ukarudi haujaguswa, kaomba matango. Nadhani duka lina hali mbaya. Mtu tajiri hatembei kwa miguu na kula matango. Namwonea huruma. Kitu cha kumpa moyo kinatakiwa, na mimi ninacho.

Alhamisi, 18 Septemba

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Nimeandika kwenye ubao: PIMA NGUVU ZAKO HAPA. KILA KILO NI MWAKA MMOJA WA TAA, NCHI NZIMA. Nimeuegemeza kwenye nguzo, upande wangu.

Wa kwanza alikuwa Remmy, wa bodaboda, kijana mwembamba ambaye upepo ukizidi anashika kofia kwa mikono miwili. Akapanda kwa dharau. Nikasoma: hamsini na tatu. Nikasimama wima, nikamshika mkono, nikamwambia kwamba ndani yake mna taa za Tanzania nzima kwa miaka hamsini na tatu, kuanzia Bukoba mpaka Mtwara, usiku na mchana. Akanitazama. Akajitazama. Akauliza kama ni pamoja na visiwani. Nikasema ni pamoja.

Aliposhuka alikuwa mtu mwingine. Kifua mbele. Alikwenda kuwaambia bodaboda wote, nao wote wakaja. Baada yao wabeba mizigo. Baada yao abiria wa Tunduru, ambao basi lao liliwapigia honi na hawakwenda. Aliyekuwa na kilo tisini alipigiwa makofi. Mzee mmoja aliomba nimpime pamoja na mbuzi wake wahesabiwe kama familia.

Kufikia mchana watu walikuwa wanakula kwanza ndipo wanapanda. Ugali wa Benigna uliisha mapema. Mmoja nilimkamata na jiwe mfukoni. Akajitetea kwamba na jiwe si lina nguvu vilevile? Kwa kweli linayo! Nikamhesabia na jiwe.

Kwa Muhsini hakuna mtu. Mzani wake ulikuwa unajisemea wenyewe. Na tazama ajabu: ule wa kwake ukimwona mtu mnene unamwambia apunguze. Wangu unamwambia yeye ni hazina ya taifa. Ungechagua upi? Muhsini alikuja kunong'ona kwamba anataka kuelewa. Nikampa maelezo ya chai, ya simu, na ya mwanga mara mwanga. Akasema wallahi hajaelewa hata neno. Nikamwambia elimu haiingii kichwani kwa siku moja. Ukweli ni kwamba hata mimi sijui nilichomwambia, lakini kilitoka vizuri.

Jioni Mwalimu Judica alipita stendi, akausoma ubao. Akausoma tena. Akasema: Kaka Egidi, lakini hakuna anayeweza kuitoa hiyo nguvu. Imelala ndani, imefungwa. Mtu haishi kwa hiyo, anaishi kwa ugali. Nikamwambia hata benki hela za watu zimelala ndani, na wenyewe wanatembea wakijisikia vizuri. Akafungua mdomo, akaufunga. Mara ya kwanza namwona anakosa lakini.

Mama Ursula alikuwa anatutazama kupitia vitenge. Nadhani ameshaamua.

Ijumaa, 19 Septemba

Umeme umekatika kabla ya adhuhuri. Mpaka naandika haujarudi.

Ulikatika Muhsini akiwa kwenye kiti cha Nassoro, kinyozi wa mlango wa pili, ananyolewa kwa ajili ya swala ya Ijumaa. Mashine ilikufa katikati ya kichwa. Upande wa kulia kipara kizuri, kinang'aa. Upande wa kushoto msitu. Nassoro alitoka nje na mashine mkononi, akaja moja kwa moja kwangu, watu wakamfuata. Akasema tangu jana nawapa watu miaka ya umeme. Leo haombi miaka, anaomba wa nusu kichwa.

Stendi yote ilinigeukia.

Ningefanya nini? Remmy alikuwa karibu. Miaka hamsini na tatu! Nikamwambia ashike plagi ya mashine kwa mkono na akaze mwili, nguvu itoke. Akashika. Akakaza. Mashine kimya. Nikamwambia labda imelala mbali, akaze kutoka tumboni. Akakaza kutoka tumboni. Kililia kitu, lakini si mashine.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Remmy aliniambia kwamba hanijui tena. Muhsini alivaa kofia yake, akaivuta mpaka masikioni, akaenda msikitini amenyooka kama mshale. Nassoro anasema kichwa kile ni jina lake, kikionekana mjini, nani atakalia kiti chake tena?

Nilidhani nimekwisha. Nilikaa nyuma ya nguzo nafikiria jembe la Lusewa na kicheko cha kaka yangu, na sitaficha, machozi yalinilenga. Sielewi. Ikiwa ipo, kwa nini haitoki? Ikiwa haitoki, ina faida gani kuwepo? Nimewahi kusikia swali hili likiulizwa juu yangu nyumbani.

Halafu nikasikia Muhsini amerudi msikitini, analalamika. Mzani wake unakula umeme. Alikuwa hajauchaji! Taa za kijani zimefifia, yule mwanamke amesema “kilo” akakwama, hajasema tena. Umeme usiporudi, kesho Mama Ursula atapanda mzani mmoja tu.

Wangu! Wa mshale! Hauli umeme, hauli kitu!

Nimesali umeme usirudi. Mwalimu Judica anasahihisha mitihani kwa taa ya simu. Nimemwomba radhi moyoni.

Jumamosi, 20 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Umeme haukurudi. Muhsini alikuwa amekaa mbele ya ule mzani wake mrefu kama mlango, umekufa, kofia masikioni kwenye jua kali, anazungusha tasbihi. Mimi nimeupangusa mzani wangu kwa kitambaa cha maji. Nimevaa shati la harusi. Si harusi yangu.

Mama Ursula alitoka dukani na watu wote wa pale wakasogea, Nassoro, Benigna, hata Remmy kwa mbali. Alivua viatu. Alivua bangili moja moja, akampa Benigna. Alivua mpaka hereni. Nilishangaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzani wangu hausemi uongo. Nikamwapia.

Akapanda. Akafumba macho. Akasema: Soma, Egidi.

Nikainama. Nikasoma. Roho ikanidondoka! Pasaka nilimpima mwenyewe, nakumbuka, mia na nne. Leo tisini na tano. Kilo tisa zimepotea!

Sasa mtu ukiona hasara kama hiyo unafanya nini? Nilikumbuka matango. Nilikumbuka raba, jasho, nyama iliyorudi haijaguswa. Masikini mama wa watu! Nilijua kazi yangu ni kumpa pole kwa upole, mbele ya watu, ili ajue hayuko peke yake. Nikauweka mkono begani kwake. Nikasema, kwa sauti ya msiba, pole sana Mama. Umepungua. Tisa. Nchi imepoteza taa za miaka tisa mikononi mwako. Lakini usikate tamaa, tutakuchangia, Benigna ataleta nyama.

Alifumbua macho. Ndipo Benigna akaniita mjinga, waziwazi, huku analia na kucheka, akasema Mama ana sukari na presha, daktari alimwambia apungue la sivyo asimlaumu mtu, na ndiyo maana anapanda Matogoro kila alfajiri tangu Pasaka, miezi yote hii hajaonja kitumbua. Kilo tisa! Mshale wangu mimi ndio ulikuwa wa kumpa habari njema aliyoisubiri. Nilichotakiwa kusema ni hongera. Neno moja. Mtoto angelisema.

Mama Ursula hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alishuka, akavaa viatu, akavaa hereni. Akasema jambo alilolitolea jasho tangu Pasaka, la kwanza kulisikia ni pole. Kisha akasema nichukue ubao wangu na mzani wangu, na kibaraza ni cha Muhsini, hata kama huo mzani-mlango wake hausemi.

Nilijaribu kueleza. Nikasema Mama, uzito ni nguvu. Akasema tangu amepungua anapanda ngazi za kanisa bila kusimama, sasa nguvu imepungua wapi? Hilo swali ni zuri mno. Kilo kidogo, nguvu zaidi! Mjerumani anasemaje hapo?

Nimebeba mzani mpaka Bombambili kwa miguu. Remmy alinipita na pikipiki tupu, hakusimama. Nimempigia simu kaka yangu Lusewa. Akapokea. Akaanza kucheka. Nikakata.

Jumapili, 21 Septemba

Sikula asubuhi. Nimekwenda misa ya kwanza, nimerudi, nimekaa uani natazama mzani. Unaniangalia na sifuri yake.

Mwalimu Judica amekuja na uji. Nimemweleza yote. Amesikitika kweli. Amesema Mama Ursula ana haki. Mwili mnene una nishati nyingi iliyofungwa, lakini ya kutembelea ni nyingine kabisa, ni ile ndogo ya chakula, nayo inafanya kazi vizuri mzigo ukipungua. Hapo nimeelewa kama nusu.

Nikamwuliza kitu kilichoninyima usingizi. Zile kilo tisa za Mama Ursula zimekwenda wapi? Si jasho, jasho angekunywa maji akarudisha. Hazikuanguka njiani Matogoro, ningeziona. Akasema karibu zote ametoa kwa pumzi. Mafuta ya mwilini yanaungua polepole kama mkaa, yanakuwa hewa na maji, na sehemu kubwa mtu anaipumua nje. Lakini, akasema, lakini Kaka Egidi, tafadhali, usimwambie mtu yeyote jambo hili.

Kwa pumzi! Mama Ursula amepumua kilo tisa!

Mchana nikasikia hodi. Muhsini. Kofia masikioni bado, Nassoro anasubiri umeme. Kakaa kwenye kigoda, kapokea maji, kaniita mtani. Amesema jana watu walikuja kupima, mzani wake kimya, wakaondoka, na Mama Ursula akaanza kununa. Kwa hiyo amemwomba radhi kwa niaba yangu mpaka amechoka. Mama amelainika. Amekubali nirudi kibarazani, mizani yote miwili, tuisogeze nyuma ya nguzo wateja wapite. Umeme ukiwepo yeye, ukikatika mimi.

Nilimshika mkono mtu huyu niliyemwombea giza. Mungu ambariki yeye na Nakapanya yote na korosho zake.

Akasema kuna sharti moja la Mama Ursula. Mteja akipanda, niinamie mshale, nitaje kilo, ninyamaze. Nisiongeze neno. Si nguvu, si taa, si pole. Neno moja la ziada tu kutoka mdomoni mwangu, na Lusewa inaniita. Akanitaka niape. Nikaapa kwa moyo mweupe kabisa. Akafurahi, akaondoka.

Nimekaa nikifurahi nami. Nitakuwa mtu wa kimya. Mtu mwenye busara. Nimekwisha kujifunza: mdomo huponza kichwa.

Halafu nikafikiri. Mama alisema mdomo. Ubao hakuutaja.

Nimeomba maboksi kwa Mwalimu Judica, nikamwambia ni ya kuwashia jiko. Nina wino. Nitaweka moja mbele ya mzani, kimya kabisa, mteja asome mwenyewe: UNAJUA LEO UMEPUMUA KILO NGAPI? Jingine: USIHEME OVYO, HIYO NI TAA. Na moja nimeliandika kwa herufi kubwa na nzuri kuliko yote, nikalichorea na maua pembeni, maana nataka kumtengenezea Mama Ursula moyo baada ya yaliyotokea. Nitaliinua juu kesho asubuhi, bila kusema neno, atakapokuwa anashuka Matogoro anahema:

MAMA, PUMUA POLEPOLE. NCHI BADO INAKUTEGEMEA.